Jogoo wa Vichwa Viwili

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepata njia ya kuingia katika historia. Imechelewa, lakini imekuja.

Asubuhi Mkurugenzi wa makumbusho alituita wafanyakazi wote, hata sisi wa stoo ambao kwa kawaida tunakumbukwa balbu zikiungua. Ukumbi mpya wa Maisha ya Mjini utafunguliwa tarehe 23. Kila kitu kikubwa kitakachowekwa humo kitakuwa na kibao cha shaba, na kwenye kibao jina la aliyekiokoa. Shaba! Jina la kuchongwa, siyo la kalamu.

Mimi ni karani wa stoo, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimeandika majina ya watu wengine kwenye maelfu ya lebo. Langu halijaandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya chai. Wakati huohuo Shemeji, kaka wa mke wangu, mkandarasi wa kubomoa na kujenga, tayari ana kibao chake. Kiko kliniki: "Viti hivi vimetolewa na," halafu yeye. Viti vyenyewe vinane, viwili vimevunjika. Kila tukienda kupima presha mke wangu anakifuta kile kibao vumbi kwa leso. Mimi roho inaniuma, presha inapanda, daktari ananiuliza kama nakula chumvi nyingi.

Sasa habari yenyewe. Mgahawa wa kona, uliofungwa miaka mingi, unabomolewa wiki hii. Juu ya mlango wake kuna bango la taa za neoni, yale mabomba ya kioo yaliyokunjwa na kujazwa gesi: jogoo anayenizidi urefu, na chini yake neno MGAHAWA. Hakuna tena bango la namna hiyo mjini. Na nani anayebomoa? Shemeji. Nimekula chakula cha mchana nikicheka peke yangu, mpaka mpokezi akahamisha kiti.

Jumanne, 5 Machi

Mpango ulikuwa huu: Shemeji asijue nalitaka bango kwa ajili ya makumbusho. Akijua tu, kesho linachongwa jina lake.

Nilimkuta amesimama juu ya kifusi, kofia ngumu kichwani, akinyoosha kidole huku na huku. Nikamwambia nahitaji ile fremu ya chuma ya bangoni nijengee banda la kuku. Akauliza nimeanza lini kufuga. Nikasema bado nawaza. Akacheka, vibarua wote wakacheka kwa kuwa bosi amecheka, akasema nichukue tu, maana jogoo nimeshapata.

Vibarua wakalishusha kwa kamba, polepole. Herufi moja tu ilipasuka, H. Nyuma ya bango kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake kidude kizito chenye gurudumu na vibrashi vya shaba, kimejaa grisi na mavi ya mijusi. Kibarua akauliza kama nacho tupakie. Nikakitazama kwa jicho la kitaalamu. Feni ya zamani, matumbo yake. Nikasema tupa. Mtu wa historia lazima ajue kuchagua.

Saa kumi jioni bango lilikuwa uani kwetu. Mama mkwe, anayeishi nasi, alitoka jikoni na kikombe chake akaliona. Alikuwa mhudumu wa mgahawa ule miaka thelathini na moja. Alivuta kiti, akakaa mbele ya jogoo mpaka chai ikapoa. Nilimwomba asimwambie mwanawe, akaitikia kwa kichwa. Mke wangu nikasahau kumwomba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeaga kazini kwamba nina mafua. Siku mbili nasugua.

Uchafu gani huu! Mabomba yamegandwa na kitu cheusi, hasa kati ya herufi na herufi, na nyuma ya shingo ya jogoo. Moshi wa jikoni bila shaka. Nimetumia sabuni ya unga, waya wa kusugulia masufuria na kisu cha siagi. Mke wangu anauliza kisu chake kiko wapi. Nimejifanya hamnazo.

Mama mkwe amepita mara mbili. Mara ya pili akasema kwamba weusi ule ulikuwepo tangu siku ya kwanza bango lilipotundikwa. Nikamweleza kwa heshima kuwa uchafu huanza siku ya kwanza. Akaniangalia kidogo, akaenda zake kuchambua mchele.

Sasa mabomba yanang'aa yote, mwanzo hadi mwisho, hakuna hata doa. Vidole vimechubuka. Najiona kabisa nimesimama kando ya kibao, mkono mmoja mfukoni.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Nianzie wapi?

Nimefika makumbusho na bango juu ya pikapu ya kukodi, nikamkuta Shemeji kwa Mkurugenzi, ndani ya suti, anakunywa chai kwenye kikombe cha wageni. Mke wangu alimwambia, eti ilimtoka kwenye simu. Shemeji alikuwa ameshaeleza kwamba ameamua kuitunuku makumbusho bango hili la kihistoria, na kwamba amemtuma mume wa dada yake alilete. Amemtuma! Nikasema mimi ndiye niliyeliokoa. Shemeji akauliza kwa upole kama siyo kwa ajili ya banda la kuku. Mkurugenzi akanitazama juu ya miwani. Akasema suala la jina litaamuliwa baadaye.

Halafu akaja Mhifadhi, yule dada anayevaa glavu nyeupe hata akishika daftari. Akazunguka bango mara moja. Akauliza rangi nyeusi iko wapi.

Nikauliza rangi gani.

Akamwita Fundi wa neoni, mzee ambaye siku hizi anajaza gesi kwenye mafriji kwa sababu hakuna anayetaka mabango tena. Fundi akapitisha kidole kwenye bomba, akavuta pumzi. Akanieleza bila haraka, kana kwamba nina homa. Neno lote ni mabomba mawili marefu. La kwanza linatoka M, linapita nyuma, linaingia G, linaendelea. Vipande vile vya kuunganishia hupakwa rangi nyeusi ili visionekane, zibaki herufi peke yake. Mimi nimevisafisha vyote. Akawasha kwa kujaribu bomba hilo la kwanza, lile lisilopasuka. Ukutani likatokea kama fundo la uzi mwekundu alilochezea paka. Hata Shemeji hakucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Mhifadhi akauliza nilitumia kifaa gani. Nikasema kitambaa laini.

Jumanne, 12 Machi

Nimeamka upya. Nimegundua kitu ambacho wasomi wote wa makumbusho hii hawajakiona.

Fundi amepewa chumba cha nyuma. Anapasha kioo kwenye moto, anakikunja, anapuliza kwa mpira mdomoni kisijibane. Amemaliza H mpya na sasa anarudisha weusi wangu kwa brashi nyembamba. Nilikaa kumtazama, na hapo nikaona. Jogoo ana vichwa viwili! Kimoja kimeinuka, kimoja kimeinama, shingo mbili kwenye mwili mmoja. Fundi alitaka kuniambia jambo, nikamwomba asinikatize kwa kuwa nilikuwa nimeshachukua kalamu.

Kurasa tatu! Nimeandika kwamba mgahawa ulianzishwa na ndugu wawili. Kichwa kilichoinuka ni mwenye mali, anatazama mbali. Kilichoinama ni mpishi, anatazama sufuria. Mwili mmoja, umoja wa familia. Sina uhakika kama kulikuwa na ndugu, lakini mgahawa wowote lazima uwe na watu wawili.

Nikamsomea Mkurugenzi. Akasema hiki ndicho alichokuwa akikitafuta, simulizi. Kadi za mwaliko zitaandikwa "Njoo Umwone Jogoo wa Vichwa Viwili." Nusura nimbusu mkono. Shemeji, ambaye siku hizi anashinda pale kama ameajiriwa, akauliza kama anaweza kuongeza ukurasa wa nne. Nikamwambia simulizi imekamilika.

Jumapili, 17 Machi

Kadi mia tatu zimetoka. Nimeleta moja nyumbani, nikaiweka mezani kwa bahati mbaya, mahali ambapo kila mtu angeiona.

Mama mkwe akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikajiandaa kuwa mnyenyekevu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akajifuta kwa ncha ya nguo.

Kumbe jogoo alikuwa anadonoa. Kinawaka kichwa cha juu, kinazimika, kinawaka cha chini. Juu, chini, juu, chini, tangu wanafungua mpaka wanafunga. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama wateja waliolalamika kwamba chai ni ya moto.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kitu gani kilikuwa kinabadilisha hivyo vichwa. Akasema kulikuwa na kidude nyuma ndani ya sanduku la bati, kina gurudumu, kila Ijumaa marehemu mumewe alikuwa akipanda ngazi kukipaka grisi. Ndivyo walivyojuana. Yeye alikuwa anamshikia ngazi.

Kidude kile najua kiliko. Kiko chini ya msingi wa jengo jipya, Shemeji alimwaga zege Alhamisi.

Nimefikiri mchana kutwa. Njia ni moja tu: mama mkwe asikanyage makumbusho. Nimemwambia sakafu ya kule ni marumaru, inateleza vibaya, mwezi uliopita wameanguka wazee watatu. Akasema pole zao.

Jumanne, 19 Machi

Wamemleta. Mhifadhi mwenyewe alikwenda kumchukua na gari la ofisi, eti makumbusho haiwezi kuwasha bango bila kumsikiliza mtu aliyefanya kazi chini yake. Mama mkwe akashuka akiwa amevaa raba za mjukuu wake, zile zenye soli nene. Akanionyesha mguu. Hazitelezi, akasema, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi.

Fundi akawasha. Bango limepona kabisa. Herufi zimesimama kila moja peke yake, mwili wa jogoo mwekundu, mkia wa buluu, na vichwa viwili vimewaka kwa pamoja. Mkurugenzi akapiga makofi. Tukapiga wote. Mama mkwe hakupiga.

Mkurugenzi akamuuliza kama amefurahi.

"Huyo siye wetu," akasema. "Watoto wa wateja walikuwa wakisumbua, nawaambia wahesabu. Akidonoa mara kumi, chakula kinafika. Miaka thelathini na moja nimebeba sahani kwa mwendo wake. Kama hadonoi, basi mzimeni. Afadhali nimkumbuke nilivyomwacha."

Mhifadhi akauliza kilichokuwa nyuma ya bango kiko wapi. Nikasema yawezekana kilibaki kwa mkandarasi. Mkandarasi akasema karani mwenyewe aliagiza kitupwe, mashahidi anao, vibarua wanne. Mkurugenzi akaniuliza kuhusu wale ndugu wawili. Nikasema utafiti bado unaendelea.

Nilijua nimemwaga unga. Lakini Fundi, Mungu amjalie, akasema kidude kingine kinaweza kuagizwa, kitafika baada ya wiki tatu. Kwa siku ya ufunguzi ataweka swichi ya kugeuza nyuma ya ukuta. Mtu akae pale ageuze kwa mkono, juu, chini, mwanzo wa sherehe hadi mwisho. Wote wakageuka kunitazama.

Nikakubali kabla sijaombwa. Siyo kwa aibu, kama Shemeji anavyodhani. Nimepiga hesabu zangu: jogoo bila mimi ni picha tu. Kibao ni changu.

Ijumaa, 22 Machi

Mazoezi. Nyuma ya ukuta kuna nafasi ya stuli moja na goti moja, goti la pili linakaa nje. Joto. Mama mkwe aliketi mbele ya bango, akawa anapiga mkono wa kiti kwa kiganja ili nisikie mwendo. Mara ya kwanza akasema jogoo wangu ana kifafa. Mara ya pili akasema anasinzia. Mara ya sita akaacha kupiga kiganja. Nikachungulia. Alikuwa amefumba macho, na midomo inahesabu.

Alipofungua macho akaniambia hapo sasa nimempata. Nikajisikia vizuri kwa namna ambayo sikuitegemea, nikaendelea kugeuza dakika kumi zaidi bila sababu.

Nikamuuliza Mhifadhi kama kibao kimeshachongwa. Akasema kimechongwa, kimefunikwa kitambaa, kitafunuliwa kesho. Nikamuuliza kama jina limeandikwa kwa ukamilifu. Akasema majina yote matatu. Mimi nina majina matatu! Shemeji ana mawili. Nimenyoa ndevu leo badala ya kesho, nisikose muda.

Jumamosi, 23 Machi

Nimevaa suti ya harusi yangu. Nimeivaa nyuma ya ukuta wa mbao, gizani, goti nje.

Ukumbi ulijaa. Sioni kitu, nasikia tu. Hotuba ya Mkurugenzi, kisha taa za ukumbi zikazimwa, na Fundi akagonga ukuta mara mbili. Nikaanza. Juu, chini. Juu, chini. Kwanza kimya. Halafu mtoto mmoja akaanza kuhesabu, wakamfuata wengine, na walipofika kumi ukumbi mzima ukapiga kelele. Wakarudia. Waligonga kumi mara tisa! Mkono ulikufa ganzi, nikabadilisha.

Kisha nikamsikia Mkurugenzi akisema sasa tumfahamu mtu ambaye bila yeye jogoo huyu asingekuwa hai. Kitambaa kikafunuliwa. Makofi, vigelegele, watu wanasimama, viti vinasukumwa. Nikasimama na mimi. Niliinama nyuma ya ukuta, mara tatu, mkono kifuani. Watoto wakaanza kulia kwamba jogoo amekufa. Nilikuwa nimemwacha kichwa chini.

Niliporuhusiwa kutoka nilimkuta Shemeji mbele ya kibao, kidole kikipita juu ya herufi, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu tena kutoka mwanzo. Nikamsogeza kwa bega. Kibao kinasema: "Jogoo Anayedonoa. Amerudishwa na kumbukumbu za," kisha majina matatu ya mama mkwe. Chini yake: "mhudumu, miaka thelathini na moja."

Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando, na raba zake, mkono wa mke wangu begani. Akanyoosha mkono akagusa shaba, herufi moja moja.

"Kumbe jina langu ni refu," akasema.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nililia kidogo. Shemeji naye alilia, yeye kwa sauti, ana kawaida ya kuzidisha. Tukakaa benchi moja tukala sambusa za wageni bila kubishana. Akasema mama alistahili. Nikasema alistahili sana. Nilimaanisha kila neno, na nilikuwa nikimaanisha mpaka tulipofika nyumbani.

Jumatatu, 25 Machi

Habari kubwa! Duka la miwani la mtaa wa pili linafungwa. Juu ya mlango wake, chini ya vumbi, kuna bango la neoni: macho mawili makubwa ndani ya miwani. Nimelitazama kwa dakika arobaini nikiwa upande wa pili wa barabara. Jicho la kushoto ni la kawaida. La kulia limekunjwa mara mbili, mahali palepale, moja limefunguka na jingine limefumba.

Mtu asiye na uzoefu asingeelewa. Mimi nimeelewa papo hapo. Ni mgonjwa kabla ya matibabu na mgonjwa baada ya matibabu. Elimu ya afya kwa umma! Mkurugenzi atapenda sana simulizi hii, na Shemeji hana habari, duka hilo halibomolewi, linahama tu. Hapa kibao ni kimoja na mtu ni mmoja.

Mama mkwe ameniona nikiandika, akauliza ni nini. Nikamweleza. Akasema kuna jirani yake wa zamani aliyefagia duka lile miaka mingi, bado yuko hai na kumbukumbu anazo, labda nimuulize kwanza bango lilikuwa likiwakaje. Nimemshukuru sana. Nitakwenda kumwona huyo mama nikishamaliza. Sasa hivi niko ukurasa wa tatu na mkono umeshika kasi.